Kihisi cha udongo au mita ya bomba? Njia nne za kufuatilia umwagiliaji na uvujaji shambani Uganda

Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho kinachomtenga mkulima mwenye maji na asiye nayo. Mvua ikishakatika, nyanya na vitunguu hupanda bei Bweyale, Kasese na Arua, na mwenye pampu ya sola na mipira ya matone ndiye anayepakia lori. Wengi waliokwisha kufunga mifumo hiyo sasa wanaulizia vihisi, na wakiuliza wanaonyeshwa vitu vya kila namna: kijiti cha kuchomeka ardhini, mita ya bomba, kiboksi chenye antena kinachotuma ujumbe kwenye simu. Vyote huuzwa kwa ahadi moja, kwamba vitaokoa maji.

Ukweli ni kwamba vinajibu maswali mawili yasiyohusiana sana. Kilichozikwa ardhini kinaeleza mizizi ina maji kiasi gani hapo kilipo. Kilichofungwa kwenye bomba kinaeleza maji mangapi yamepita na kwa nguvu gani. Cha kwanza hakina habari bomba likipasuka mita hamsini kutoka hapo. Cha pili hakijui kama mche una kiu. Ukinunua kimoja huku ukitegemea kazi ya kingine, umelipia pambo la shamba.

Njia ninazolinganisha ni nne: vipimo vya udongo vya kusoma kwa macho, mita ya maji na geji ya presha za kawaida, vihisi vya udongo vinavyotuma taarifa kwa simu, na mfumo wa bombani unaotoa taarifa kwa simu na hata kujifunga wenyewe.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale. Inajibu swali gani? Inagundua uvujaji au haigundui? Gharama yake ni ya mara moja au inaendelea kila mwezi? Inahitaji umeme na mtandao kiasi gani? Inaharibiwa na nini, na nani ataitengeneza? Mwisho, inamfaa nani? Bei za shilingi sizitaji, kwa kuwa vifaa vingi hivi huagizwa kutoka nje na hupanda na kushuka pamoja na dola. Nitavipanga kwa ngazi.

Kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote ni kile ambacho wauzaji hawakitaji: ni nani atakayesoma, na akishasoma atafanya nini? Kama kibarua anayefungua koki hana ruhusa ya kuzifunga kabla ya saa aliyoambiwa na bosi, kihisi hakitabadilisha chochote hata kiwe cha bei gani.

Kabla ya kwenda dukani, piga hesabu mbili. Ya kwanza: milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo kuipa ekari nzima milimita 5 kwa siku ni kama lita 20,000, yaani matangi mawili ya lita 10,000. Ya pili: kiungo kinachovuja lita moja tu kwa dakika kinapoteza lita 1,440 kwa saa 24, sawa na jerikani 72. Watu husema jua ni bure, basi na maji ya pampu ya sola ni bure. Si hivyo. Jua la kusukuma pampu vizuri ni la saa chache katikati ya mchana. Kama pampu yako inatoa lita 2,000 kwa saa, jerikani hizo 72 zimekula zaidi ya dakika 40 za jua hilo, kila siku, na wewe unachoona ni tangi lisilojaa.

1. Vipimo vya udongo vya kusoma kwa macho

Kinachojibiwa: nimwagilie leo au kesho, na maji yamefika chini kiasi gani?

Mkongwe hapa ni tensiomita. Ni bomba la plastiki lililojazwa maji, lenye ncha ya kauri chini na geji juu. Udongo ukikauka huvuta maji kupitia vinyweleo vya kauri, na sindano ya geji hupanda. Namba huwa za sentiba, kipimo cha nguvu ya mvuto huo, ambazo ni sawa na kilopaskali. Karibu na sifuri hadi 10 udongo umeloa chepechepe. Kwa mboga kwenye udongo tifutifu, wengi huanza kumwagilia sindano ikiwa kati ya 25 na 40. Kwenye kichanga huanza mapema zaidi, kwenye mfinyanzi husubiri kidogo. Ikipita 80 hivi, hewa huingia ndani na geji hurudi kwenye sifuri. Hapo ndipo wengi hudanganyika, maana sifuri ya udongo uliokauka kabisa inafanana na sifuri ya udongo uliojaa maji. Tazama maji ndani ya bomba. Yakiwa yamepungua, usiiamini namba hiyo.

Kingine ni faneli inayozikwa kwenye kina cha mizizi. Maji ya kumwagilia yakishuka hadi hapo hukusanyika ndani yake na kuinua kialama juu ya ardhi. Haikuambii wakati wa kuanza. Kazi yake ni kukuambia kwamba umepitiliza, na kwamba mbolea yako inaelekea mahali ambapo mizizi haifiki.

Cha tatu ni kifaa kiitwacho Chameleon, kilichobuniwa na watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti wa sayansi la serikali ya Australia. Hakina namba, kina taa za rangi kwa kila kina: bluu ni mbichi (chini ya kilopaskali 20), kijani ni wastani (20 hadi 50), nyekundu ni kavu (zaidi ya 50). Kilijaribiwa na wakulima wadogo wa skimu za Kiwere na Magozi, Iringa, Tanzania, na pia Zimbabwe na Msumbiji, na wakulima wengi walijikuta wanamwagilia mara chache kuliko walivyozoea. Kwa kikundi ambacho baadhi ya wanachama hawasomi namba kwa urahisi, rangi humaliza ubishi haraka.

Uvujaji: karibu hakuna msaada. Labda uone bluu mahali ambapo hukumwagilia.

Gharama: ngazi ya chini hadi ya kati, na hakuna malipo ya mwezi. Utahitaji viwili kwa kila aina ya udongo: kimoja sentimita 15 hadi 20, kingine 30 hadi 45.

Umeme na mtandao: tensiomita na faneli havihitaji chochote. Chameleon ina betri kwenye kisomeo.

Kuharibika: adui namba moja ni jembe la palizi. Chomeka kijiti kirefu chenye kitambaa chekundu pembeni. Adui wa pili ni kufunga kwa haraka. Kauri inatakiwa ilale ndani ya maji usiku kucha, tundu litobolewe kwa upana uleule wa bomba, na kabla ya kuisukuma umimine tope jembamba la udongo wa hapohapo ili lishike kauri pande zote. Ikibaki nafasi ya hewa, unapima hewa. Kwenye ardhi ya moramu yenye kokoto, kazi hii inatesa.

Anayefaa: mkulima anayelala shambani, mwenye robo ekari hadi ekari mbili, anayepita mistari yake kila asubuhi. Vinafaa pia kwa skimu na vikundi ambako watu wanafundishana.

2. Mita ya maji na geji ya presha

Hii ndiyo njia isiyo na mvuto dukani, na kwa mashamba mengi ya matone ninayoyajua ndiyo yenye majibu mengi kwa fedha kidogo. Nitakaa hapa zaidi.

Kinachojibiwa: maji mangapi yameingia kwenye kitalu, kwa kasi gani, na je, kasi hiyo ndiyo iliyotakiwa?

Ili mita iseme kitu, lazima ujue namba inayotarajiwa. Chukua ekari moja yenye mistari iliyoachana mita 1.5. Hiyo ni kama mita 2,700 za mpira. Kama matundu yako kila sentimita 30, yapo karibu 9,000. Tundu likitoa lita moja kwa saa, mita inatakiwa ionyeshe karibu lita 9,000 kwa saa, yaani 150 kwa dakika. Mfumo wa tangi lililo juu ya mnara mfupi hautafika namba ya kiwandani, kwa sababu mita 10 za kimo ndizo zinazotoa presha ya ba moja, na tangi la mita mbili linatoa sehemu ya tano tu ya hiyo. Kwa hiyo namba ya kweli ni ile uliyoisoma siku mfumo ulipofungwa, mipira ikiwa mipya. Iandike.

Sasa weka geji baada ya chujio, karibu na mita, na usome vyote viwili pamoja. Mtiririko umepanda na presha imeshuka: kuna mpasuko au mpira uliochomoka. Mtiririko umeshuka na presha imepanda: matundu yameziba. Vyote vimeshuka: tatizo liko nyuma ya geji, yaani pampu, chujio lililojaa uchafu au kisima kilichopungua. Mita peke yake haiwezi kukutenganishia hayo, wala geji peke yake.

Uvujaji: hapa ndipo kwake. Jioni, funga koki zote za vitalu, acha bomba kuu likiwa na maji, kisha inama usome. Mita nyingi zina kinyota au kipembetatu kidogo katikati ya uso wake, kinachozunguka hata kwa maji machache sana. Kikizunguka ilhali kila kitu kimefungwa, maji yanatoka mahali. Hapo unagawa: unafunga koki ya kati ya bomba kuu. Kikisimama, tatizo liko mbele ya koki hiyo; kikiendelea, liko kati yake na mita. Unazidi kukata nusu kwa nusu hadi unabaki na kipande kifupi cha kufukua. Mzee mmoja wa Kiryandongo alimwita fundi akisema pampu imechoka.

“Fundi, hii pampu mliyoniuzia haijazi tangi tena.”

“Mzee, tuiache pampu kwanza. Funga koki zote, halafu njoo uangalie hapa.”

Kinyota kilikuwa kinazunguka. Kiungo cha chini ya njia ya ng'ombe kilikuwa kimelegea, na ardhi ya hapo ni ya kichanga, kwa hiyo maji yalizama bila kuonyesha dimbwi.

Asiye na mita ana njia ya bure kabisa ikiwa ana tangi. Funga mpira mwembamba unaoona ndani, kutoka tundu la chini la tangi hadi juu, kando ya ukuta wake. Maji yatasimama kimo kilekile. Weka alama ya kalamu usiku, koki zikiwa zimefungwa, angalia alfajiri. Sijui kwa nini mafundi wengi hawauwekei mfumo kitu hiki kidogo.

Gharama: ngazi ya chini. Mita ya inchi moja na geji ni kati ya vitu rahisi kuliko vyote kwenye mfumo mzima wa matone. Hakuna malipo ya mwezi.

Umeme na mtandao: hakuna.

Kuharibika: mchanga na mwani wa maji ya mto au bwawa husimamisha gurudumu la mita, hivyo iwe baada ya chujio, na kwenye kipande cha bomba kilichonyooka. Usinunue mita kubwa kuliko mtiririko wako ukidhani ukubwa ni ubora. Mita ya inchi mbili kwenye mfumo mdogo haitahisi uvujaji mdogo hata kidogo. Faida kubwa ni kwamba fundi bomba yeyote wa mjini anaijua.

Anayefaa: karibu yeyote mwenye mabomba yenye presha na mtu wa kusoma kila siku. Pia mwenye kibali cha maji. Kwa sheria za Uganda, kuchota maji ya kisima kirefu au ya mto kwa pampu yenye mota kunahitaji kibali cha Idara ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, na mita ndiyo inayokupa takwimu za kujibia ukiulizwa. Haimfai anayemwagilia kwa mifereji.

3. Vihisi vya udongo vinavyotuma taarifa kwa simu

Kinachojibiwa: swali lilelile la njia ya kwanza, ila mfululizo, usiku na mchana, bila kwenda shambani. Unaona mstari ukishuka polepole mche unapokunywa na kuruka juu unapomwagilia. Kihisi cha chini kikiruka kila mara pamoja na cha juu, unamwagilia kupita kiasi. Kisiporuka kamwe, maji yako yanaishia juu juu. Picha hiyo ya siku kumi kumi inafundisha kuliko namba moja ya asubuhi.

Jihadhari na aina yenyewe. Vile vijiti vya chuma vya uma, vinavyouzwa pamoja na bodi za kujifunzia kama Arduino, hupitisha umeme moja kwa moja kwenye udongo na huliwa na kutu ndani ya muda mfupi. Ni vya darasani. Vinavyofaa shamba ni vile ambavyo chuma chake kimefunikwa na hupima namna udongo unavyohifadhi chaji ya umeme, kwa kuwa maji yanatofautiana sana na madini na hewa katika hilo, au vile vya punje vinavyopima mvutano kama tensiomita. Hata hivyo, namba za kiwandani zilipimwa kwenye udongo usio wako. Pima kwako: soma siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, hiyo ndiyo namba ya juu, kisha acha miche michache ya pembeni, ile usiyoihurumia, ikauke hadi majani yawe yamelegea asubuhi na mapema, hiyo ni ya chini. Unafanya kazi kati ya hizo mbili. Kwenye mfinyanzi unaopasuka kiangazi, ufa ukipita kando ya kihisi utasoma ukavu ambao haupo.

Uvujaji: kidogo sana, kama njia ya kwanza.

Gharama: ngazi ya kati hadi ya juu, na hapa kuna mkia. Vihisi vyenye laini ya simu kila kimoja vinahitaji bando kila kimoja. Vya LoRa hutuma kwa redio hadi kituo kimoja, na kituo hicho pekee ndicho chenye intaneti, kwa hiyo ukiwa na vitalu vingi LoRa hushuka bei. Uliza pia kama utalipia programu ya kuonea taarifa baada ya mwaka wa kwanza. Wengine hulisema hilo wakati wa kudai.

Umeme na mtandao: betri ndogo na kipaneli hutosha. Redio ya LoRa hufika kilomita kadhaa kwenye uwanda kama wa Luwero, lakini vilima vya Rwenzori na migomba mizito huikata. Kabla ya kulipa, simama mahali kihisi kitakapokaa na simu ya kawaida ya laini ileile, uone kama ujumbe unatoka. Na laini isajiliwe kwa kitambulisho chako wewe mwenye shamba, si cha fundi. Mkigombana atabaki na shamba lako mfukoni.

Kuharibika: panya hutafuna nyaya, kwa hiyo zipite ndani ya bomba gumu. Mchwa hujaza viboksi udongo. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na antena iliyosimama peke yake katikati ya shamba wazi inajitafutia. Wezi wanapenda paneli hata zikiwa ndogo. Kifaa kikifa, uliza mapema: kuna mtu Kampala wa kukifungua, au kinarudi kilikotoka?

Anayefaa: mashamba ya ekari nyingi yenye udongo wa aina tofauti, nyumba za vioo na nailoni, wakuza miche na maua, na wenye meneja anayejua kusoma grafu na mwenye mamlaka ya kubadilisha ratiba. Kwa ekari moja ya mwenye shamba anayeishi hapohapo, naona ni mzigo.

4. Mita na geji zinazotuma taarifa, pamoja na vali inayojifunga

Kinachojibiwa: maswali ya njia ya pili, bila kusubiri mtu asome, na hatua inaweza kuchukuliwa usiku wa manane.

Mita hutoa alama moja kila baada ya lita kadhaa, kisanduku kinahesabu, geji ya kielektroniki inaongeza presha. Ukishaweka mipaka, unapata ujumbe: kitalu cha tatu kinakunywa zaidi ya kawaida, au kuna maji yanapita saa nane usiku wakati hakuna aliyefungua. Kabla ya kununua, kagua kidhibiti cha pampu yako. Baadhi ya pampu za sola huja na laini ndani na tayari zinarekodi saa za kufanya kazi na kiasi cha maji, na huenda unalipia huduma usiyoitumia.

Uvujaji: njia kali kuliko zote kwa mpasuko mkubwa, kwa sababu ya kasi yake. Kwa uvujaji mdogo wa polepole inategemea mita iliyo ndani, na haimshindi sana mtu mwangalifu mwenye mita ya kawaida na tochi. Haikuonyeshi mahali penyewe pia. Inakuambia kitalu, kufukua utafukua mwenyewe.

Tatizo lake kubwa ni kengele za uongo. Siku ya kusafisha mipira mtiririko hupanda. Tangi la kunyweshea ng'ombe likifunguliwa, mtiririko hupanda. Na kijijini watu huchota maji. Jirani akija na jerikani tatu hakuna atakayemfukuza, lakini mfumo unaona wizi. Baada ya wiki mbili za jumbe kama hizo, watu hunyamazisha simu. Dawa ni kuweka bomba la kuchotea kabla ya mita, au kulifungia mita yake ndogo.

Vali ya kujifunga nayo ina masharti. Maji yanayokimbia kwenye bomba refu yakizuiwa ghafla hulipiga kwa kishindo, na viungo dhaifu huachia. Ikiwa pampu inaendelea kusukuma dhidi ya vali iliyofungwa, umetengeneza mpasuko mpya ili kuzuia wa zamani. Fundi ahakikishe pampu inazimwa kwanza, vali inafunga taratibu, na kuna mahali pa presha kupumulia.

Gharama: ngazi ya juu, bando na huduma kila mwezi.

Umeme na mtandao: inahitaji zaidi kuliko nyingine, hasa vali. Uliza umeme ukikatika vali hubaki wazi au hujifunga. Majibu yote mawili yana hasara zake, chagua kwa kujua.

Kuharibika: yote ya njia ya tatu, pamoja na mchanga kwenye vali. Chujio zuri si hiari.

Anayefaa: mwenye shamba asiyeishi shambani, mashamba yenye bomba kuu refu, na wanaolipia kila lita kwa umeme wa gridi au dizeli. Dizeli hasa, maana kila jerikani iliyovuja imeteketeza mafuta.

Mpunga na mifereji

Kwenye skimu kama Doho, Butaleja, maji hupita wazi na njia ya pili na ya nne hazina pa kushika. Kwa mpunga kuna kifaa kisicho na elektroniki kabisa: kipande cha bomba chenye matundu ubavuni, kinachozikwa jarubani ili uone maji yamesimama wapi chini ya uso wa ardhi. Yakishuka hadi sentimita 15 unafungulia tena, isipokuwa wakati wa kutoa maua, ambapo maji hayapaswi kukauka. Kwa mboga za mifereji, Chameleon au tensiomita zinatosha.

Kwa hali yako

Kama una fedha za kifaa kimoja tu, tazama dalili. Tangi halijai au pampu inafanya kazi muda mrefu kuliko mwaka jana: anzia bombani, njia ya pili. Tangi linajaa vizuri lakini mimea inanyauka upande mmoja na kuoza mizizi upande mwingine: anzia ardhini, njia ya kwanza.

Kama unaishi Kampala na shamba liko Nakaseke au Masindi, njia ya nne bila vali ni mwanzo mzuri. Ujumbe ukija unampigia msimamizi afunge kwa mkono. Vali iongezwe msimu unaofuata, ukishajua kengele zipi ni za kweli. Kama msimamizi wako ni mwaminifu na ana simu ya picha, mita ya kawaida na picha moja ya uso wake kila jioni kwa WhatsApp inakupa sehemu kubwa ya faida hiyo.

Kikundi kinachotumia pampu moja kwa zamu kifunge mita kwenye kila tawi kabla ya kifaa kingine chochote. Ugomvi wa nani ametumia maji ya nani huharibu miradi mingi kuliko mipasuko.

Kasese, ambako bonde liko kwenye kivuli cha mvua cha Rwenzori na mabomba hushuka kutoka juu, weka geji mbili, moja juu na moja chini. Tofauti kati yake hubaki karibu ileile mtiririko ukiwa uleule. Ikibadilika bila wewe kugusa koki, tembea na bomba. Shamba la ekari kumi au zaidi lenye meneja lichanganye ya tatu na ya nne, lakini lianze na kitalu kimoja kwa msimu mzima.

Na kama ndiyo kwanza unaomba kupitia mpango wa serikali wa umwagiliaji mdogo, ule unaochangia gharama za mfumo hadi ekari 2.5 na mkulima kulipa sehemu yake, mwambie afisa kilimo wa wilaya mapema kwamba unataka mita na geji ziwe ndani ya orodha ya vifaa. Kabla ya kutia sahihi ya kupokea kazi, mwambie mkandarasi afungue kitalu kimoja kimoja mbele yako, asome lita kwa dakika na presha, na aziandike kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa kibanda cha pampu.